Kariokor si nyama choma tu

Kila wiki mtu ananiuliza: Nairobi naweza kutembea wapi, mbali na Karura na mall? Mimi husema enda Kariokor. Najua unapajua. Unapapita na mathree, umekula mbuzi hapo. Lakini hilo jina umewahi kujiuliza lilitoka wapi?

Si Kikuyu, si Kiluo, si Kimaasai. Ni Kizungu kilichotafunwa na ulimi wa kwetu: Carrier Corps. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza 1914, Waingereza walitaka kuwatoa Wajerumani kwenye koloni lao, Tanzania Bara ya leo. Barabara hakuna, na farasi na punda walikuwa wanakufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Basi mzigo ukawekwa kwa kichwa cha mtu mweusi. Unga, risasi, hema, hadi majeruhi. Mwaka wa 1917 ndio msako ulikuwa mkali kabisa, vijana wakichukuliwa vijijini kwa lazima. Wengine walikuwa rika lako wewe unayesoma hapa.

Na wengi hawakuuawa na risasi. Ni malaria, kuhara damu na chakula kibovu. Walikufa maelfu kwa maelfu. Kambi yao Nairobi ilikuwa upande huo wa mji, watu wakaondoka, jina likabaki. Kariakoo ya Dar pia ni hadithi hiyo hiyo.

Sasa rudi tao, Kenyatta Avenue, kuna sanamu tatu za shaba tangu 1928. Mmoja wao ni mbebaji. Maandishi ya chini yanawasifu wabebaji kuwa ndio miguu na mikono ya jeshi. Poa, sifa tamu. Lakini hakuna jina la mbebaji hata mmoja, na mishahara ya maelfu waliokufa familia zao hazikuwahi kuiona. Hiyo sanamu, kusema ukweli, hainishtui. Sokoni ndiko nasikia kitu, kwa sababu hilo jina hakuna mkubwa aliyelizindua. Ni watu tu waliendelea kulitaja, miaka mia na zaidi.

Ukienda, enda mchana ukiwa na njaa. Pitia kwa vyondo, kisha uone akala zikikatwa kwenye tairi. Na kama kwenu kuna babu wa babu aliyeenda kubeba mzigo hiyo vita na hakurudi, niandikie jina lake. Nimeanza kuyaweka kwa daftari.