Mgeni Asiyekula Nyama: Kutoka Babeli Mpaka Bonané Yetu

Masomo: Danieli 1:8-16, Danieli 10:1-3, Warumi 14:1-6



Juma la Noeli mpaka Bonané ndipo nyama inaonekana katika nyumba nyingi za Butembo na Beni. Miezi mingine tunakula bugari na sombe, maharagi, viazi, lengalenga, na makayabu ikipatikana. Lakini sikukuu ikifika, majirani wanachanga makuta, wananunua ng'ombe mmoja, wanagawana. Mwenye mbuzi anachinja mbuzi. Na ni wakati uleule, mwezi wa kwanza, ambapo makanisa mengi ya Kipentekoste yanaingia katika mfungo wa Danieli, siku 21 bila nyama. Kwa hiyo kila mwaka kuna kijana anayefika kwa mjomba wake akiwa ndani ya mfungo. Sahani inawekwa mbele yake, naye anasema: «Mimi sili nyama.» Hapo nyumba nzima inanyamaza.

Inanyamaza kwa sababu tunayoijua sote, hata kama hatuisemi kanisani. Katika nchi yetu, mtu akikataa chakula chako, watu wanawaza sumu. Wanauliza: ameota nini juu yetu? Nani amemwambia kwamba shangazi ni mchawi? Kijana anadhani amesema neno juu ya mfungo wake, kumbe wenye nyumba wamesikia neno juu yao wenyewe. Nimeona familia ambazo hazikutembeleana mwaka mzima kwa sababu ya kipande kimoja cha nyama. Basi tuangalie watu wa zamani walifanya namna gani, tukianza na huyo Danieli ambaye mfungo unaitwa kwa jina lake.

Danieli aliletwa Babeli katika siku za Nebukadneza, karibu mwaka 605 kabla ya Kristo. Hakuwa mgeni wa kualikwa, alikuwa mateka. Lakini alilishwa kutoka meza ya mfalme, na jambo hilo si hadithi tu. Wajerumani waliofukua magofu ya Babeli kuanzia mwaka 1899 walikuta mabamba ya udongo yenye hesabu za ghala la mfalme. Yalisomwa na kutangazwa mwaka 1939. Ndani yake limeandikwa jina la Yehoyakini, mfalme wa Yuda, pamoja na wanawe watano, na kipimo cha mafuta waliyopewa. Ni yuleyule ambaye 2 Wafalme 25 inasema alikula mbele ya mfalme wa Babeli siku zote. Ina maana kwamba Babeli iliandika kila kitu alichopewa mateka. Kukataa posho ya mfalme hakukuwa jambo la kupita bila kuonekana.

Sasa soma polepole sura ya kwanza. Danieli hakungoja sahani ifike ndipo akunje uso. Alikwenda mapema kwa mkuu wa matowashi akamwomba. Mkuu yule aliogopa kwa ajili ya kichwa chake mwenyewe, na Danieli hakumlaumu. Akashuka kwa msimamizi mdogo na kumwomba siku kumi za majaribio. Hakusema kwamba chakula cha mfalme ni cha mashetani, wala hakuwahubiria vijana wengine waliokuwa wakila. Neno la Kiebrania la chakula alichoomba, zeroimu, maana yake ni vitu vinavyotoka katika mbegu. Biblia ya Union iliandika mtama, tafsiri nyingine zinaandika mboga. Kwa Danieli wa Butembo yangekuwa maharagi.

Na kuna jambo ambalo watu wa mfungo wanalipita haraka. Katika sura ya 10, mwaka wa tatu wa Koreshi, Danieli ni mzee, na anasema kwamba kwa majuma matatu nyama haikuingia kinywani mwake wala divai. Kama aliihesabu hivyo, basi majuma mengine aliila. Siku zetu 21 zinatoka hapo, katika sura ya 10, katika maombolezo yake ya faragha. Siku kumi za sura ya kwanza ni kitu kingine. Mwenye kusema «Danieli hakula nyama maisha yake yote» hajasoma kitabu mpaka mwisho.

Baada ya Biblia, kanisa liliendelea kuhangaika na jambo hilo. Wazee wetu Wakatoliki, na hapa kwetu ni wengi tangu Mapadri Waasumpsio walipofika mwaka 1929, wanakumbuka Ijumaa bila nyama. Paulo wa Sita alilegeza sheria hiyo mwaka 1966. Kabla ya hapo mtu alikula samaki wa ziwa Eduardi au maharagi, na hakuna aliyemwita mchawi, kwa kuwa kila mtu alijua siku na sababu. Lakini Noeli ikiangukia Ijumaa? Katika karne ya 13 mtawa mmoja alimuuliza hivyo Fransisko wa Asizi. Mwandishi wa maisha yake, Tomaso wa Celano, anasimulia kwamba Fransisko alikasirika, akasema siku hiyo angetaka hata kuta zile nyama, na kama haziwezi, basi zipakwe. Hakuwa Mpentekoste, lakini alielewa kwamba kuna siku ya kufunga na kuna siku ya kufurahi.

Ndugu zetu Waadventista walipita njia nyingine. Mwaka 1863, huko Otsego, Michigan, Marekani, Ellen White alisema alipata maono juu ya afya ya mwili. Tangu hapo kanisa lao lilianza kufundisha watu waache nguruwe, na likashauri kuacha nyama zote kwa anayeweza. Daktari wao John Harvey Kellogg alitengeneza vyakula vya nafaka katika hospitali ya Battle Creek, na zile «corn flakes» zinazouzwa madukani zina asili yake huko. Leo wana chuo kikuu karibu nasi, Lukanga, katika Lubero. Kwa hiyo familia nyingi za Butembo zina Mwadventista mmoja mezani. Wakimbangu nao hawali nguruwe. Mimi sikubaliani na Waadventista katika mambo kadhaa ya mafundisho, na nimeyasema mara nyingi kwenye redio. Ila ninaona jambo moja: wao wanajulikana. Mama anayepika Bonané anajua tangu mwezi wa 11 kwamba shemeji Mwadventista atakula sombe, na anamwekea chungu chake pembeni. Sisi mfungo wetu tunautangaza madhabahuni, nyumbani kwa mjomba hatusemi neno mpaka sahani ifike.

Na sisi Wapentekoste tusijifanye wapya katika kukataa. Kasiksi tunaikataa, Primus tunaikataa, na wenye nyumba wasiookoka wanakwenda kutununulia Fanta kwa makuta yao. Wametubeba miaka mingi. Naona tunapaswa kulikumbuka hilo tunapomwona Mwadventista akisukuma sahani.

Kisha ulikuja mwaka 2018. Ebola ilitangazwa Mangina tarehe 1 mwezi wa 8, ikaisha kutangazwa tarehe 25 mwezi wa 6, 2020, na watu 2,287 walikufa. Watu wa afya walituambia tusiguse nyama ya pori, na tusisalimiane kwa mikono. Noeli ile, kukataa nyama na kukataa mkono vilikuwa kitu kimoja machoni pa wengi: dharau, au kuamini maneno ya watu wa Ripost ambao wengi waliwachukia. Wengine walikula ili wasiseme «hapana» kwa mzee. Mahali ambapo kijana alikwenda siku mbili mbele, akakaa na mzee, akaeleza, akaomba maharagi, mara nyingi mzee alikubali. Mahali alipokataa mbele ya wageni, ugomvi ulizaliwa. Ni njia ya Danieli ileile, hata kama sababu ilikuwa tofauti.

Leo kuna uzito mwingine. Tangu mauaji ya Beni yaanze mwezi wa 10, 2014, nyumba nyingi zinapokea wakimbizi kutoka vijijini. Mama aliyepoteza mbuzi zake zote anatafuta nusu kilo ya nyama kwa watu kumi, ili wageni wake wajue kwamba bado yeye ni mtu mwenye nyumba. Mbele ya sahani hiyo, ndugu uliye katika mfungo, mimi kama mchungaji ninakupa ruhusa: kula, na uongeze siku moja mwishoni. Mfungo ni wako na Mungu wako. Lakini kama dhamiri inakukataza, fika siku moja kabla, uingie jikoni, uongee na mama mwenyewe wala si na watoto, na uje na maharagi yako mkononi. Nawe mama, akija hivyo, usimwulize mara mbili mbele ya watu.

Nimemwacha Paulo mpaka sasa kwa makusudi. Warumi 14 inataja mtu anayekula mboga tu, na Paulo anamwita dhaifu wa imani. Lakini mara moja anamkataza mla nyama asimdharau, na mla mboga asimhukumu mwenzake. Barua hiyo iliandikwa karibu mwaka 57. Kaisari Klaudio alikuwa amewafukuza Wayahudi kutoka Roma, kama Matendo 18:2 inavyosema, na wataalamu wengi wanaona kwamba waliporudi, Wakristo wa Kiyahudi waliogopa nyama ya masoko ya Roma, wakabaki na mboga. Kwa hiyo vita vya sahani vilikuwa ndani ya kanisa lenyewe. Na Paulo aliandika akiwa wapi? Warumi 16:23 inajibu: alikuwa Korintho, mji ambao soko lake la nyama analitaja katika 1 Wakorintho 10:25, na alikuwa mgeni wa Gayo, mtu aliyelikaribisha kanisa lote. Barua ikabebwa na dada Foibe wa Kenkrea. Paulo aliwaomba Warumi wampokee na kumsaidia kwa kila neno atakalohitaji kwao, na tunaweza kudhani kwamba jioni ile ya kwanza, kabla ya barua kusomwa, mtu fulani katika Roma alilazimika kumuuliza anakula nini.