Kula mpaka ushindwe: Tokyo, Kilwa na Mingoyo

Wadau, juzi nilikuwa Mingoyo, pale njia panda ya Mnazi Mmoja. Wali na samaki wa kukaanga, sahani moja. Ukitaka kuongeza, ongeza na hela. Nikakumbuka mgahawa mmoja wa Kijapani jijini Dar: unalipa mara moja, unakula mpaka ushindwe. Wajapani mtindo huo wanauita "baikingu", tangu Imperial Hotel ya Tokyo ilipouanzisha mwaka 1958 kwa kuiga meza za Skandinavia.

Lakini jamani, huku kwetu Kusini kuna kisa cha zamani zaidi. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani Hassan bin Suleiman akiketi na mafukara na kula nao. Bila bili! Ila msafiri huyohuyo anasema sultani alikuwa akivamia nchi ya Wazanji na kuteka ngawira. Alipofariki, nduguye Daudi akawa anawajibu waombaji kwamba mtoaji keshakufa na hakuacha kitu.

Nimemaliza sahani yangu, swali limebaki: meza ikijaa bure, bili kalipa nani? Tafakari.