Mbona Dana Hahami Laini

Kila mwisho wa mwezi bando zikiisha, kuna beshte wangu ataapa anahama Safaricom. Anaenda Airtel, amechoka kufinywa. Wiki mbili baadaye unampigia kwa namba ileile ya zamani na anashika. Usimcheke. Mimi mwenyewe nimeapa hivyo mara mbili. Kwa nini hatuhami? Jibu sikulipata Nairobi. Nililipata Lambwe, kwa dana, yaani nyanya yangu mzaa baba.

Lambwe ni lile bonde la Homa Bay lenye mbuga ya Ruma, katikati ya milima ya Gwassi na Kanyamwa. Zamani watu waliogopa kuishi huku kwa sababu ya mbung'o na malale. Dana anasema enzi zake habari ilikuja na basi. Unampa makanga barua, unaomba Mungu asiisahau kwa kiti. Simu ilikuwa mali ya ofisi.

Simu zote nchini zilikuwa chini ya shirika moja la serikali, KPTC, hilohilo la kuuza stempu. Mwaka 1999 likapasuliwa: Telkom ikachukua simu, Posta barua, na CCK ikawa refa. Safaricom ilikuwa ka-mtoto ka Telkom, kameandikishwa 1997, mpaka Vodafone ya Uingereza ilipoingia 2000 na asilimia 40. Mwaka huohuo ikaja KenCell, ya Vivendi kutoka Ufaransa pamoja na kampuni ya Sameer ya hapa nyumbani. Skia hapo vizuri: zote mbili zilianza biashara 2000. Hakuna aliyemtangulia mwenzake kwa miaka kumi.

Tofauti ilikuwa ndogo hadi inachekesha. KenCell ilihesabu dakika: ukisema "nimefika" na ukate, umelipa dakika nzima. Safaricom ikahesabu sekunde. Kwa meneja wa Westlands hiyo si kitu. Kwa mtu wa shamba aliyeazima simu kusema ng'ombe amezaa, hiyo ndiyo tofauti ya kupiga na kutopiga. KenCell ilitafuta wenye pesa, na wenye pesa walikuwa wachache. 0733 ilikuwa namba ya wakubwa, na wazee wengine wanajivunia nayo hadi leo. Safaricom ikatafuta sisi wengine wote: kredo ya pesa kidogo, Sambaza, vibanda vya Simu ya Jamii.

Halafu KenCell ikaanza kubadilisha jina kama mtu anayekimbia madeni. Celtel 2004. Zain 2008. Airtel 2010, Wahindi wa Bharti walipoinunua. Majina manne kwa miaka kumi! Kila mwenye mali mpya anapaka mabanda rangi upya, na dana anauliza hii ndiyo ile ama ni ingine. (Orange nayo ilikuja, ikarudi kuwa Telkom. Yu ilianza 2008, 2014 ikagawanwa: wateja kwa Airtel, mitambo kwa Safaricom. Kama unaikumbuka yu, umezeeka.)

Lakini pigo lenyewe ni tarehe 6 Machi 2007. M-Pesa. Awali ilijaribiwa kama njia ya watu kulipa mikopo midogo, ila watu wakaitumia kutumiana pesa, basi kampuni ikawafuata huko. Mapema 2008, fujo za uchaguzi zilipofunga barabara na benki, watu waliokwama walitumiwa pesa na kredo kwa simu. Mzee akishaokolewa hivyo hasahau.

Na hapa ndipo wengi wetu tunakosea hii historia. Tunadhani vita vilikuwa vya bei. Vita vya bei Airtel walipigana kweli. Agosti 2010, wakiwa bado Zain, CCK ilikata ada ambayo kampuni hulipana kuunganisha simu, kutoka 4.42 hadi 2.21, na Zain wakashusha dakika hadi shilingi 3. Safaricom ikalazimika kushuka pia. Tulifaidika sote. Aprili 2011 ukaruhusiwa kuhama mtandao na namba yako. Mlango ukawa wazi kabisa.

Watu hawakutoka. Namba ungehama nayo, M-Pesa ungeiacha. Na wakala wa M-Pesa pale sokoni alikuwa amefungwa na mkataba, haruhusiwi kuhudumia mtandao mwingine. Mamlaka ya Ushindani ilivunja hiyo kamba 2014. Kutumiana pesa moja kwa moja kati ya mitandao kulikuja 2018, miaka 11 baada ya M-Pesa kuanza. Kwa miaka 11 watoto wa Kenya walizaliwa, wakaanza shule, wakajifunza kusema "tuma na ya kutoa". Leo kwenye laini za kawaida Airtel imejikaza na ina wateja wengi. Kwenye pesa, M-Pesa bado inashika sehemu kubwa sana ya soko.

Kwa hivyo mimi sisemi Safaricom waliiba. Walimwona dana kabla ya wengine kumwona, hiyo heshima nawapa. Ila refa alikuwa na filimbi mdomoni kwa miaka mingi na hakupuliza. Bei unayolalamikia leo ilipangwa hapo, ukiwa bado chekechea.

Desemba nilimpelekea dana laini ya pili, ya bando rahisi, nikamweleza vizuri. Kasimu kake ka mulika mwizi kanabeba laini mbili. Akaigeuzageuza mkononi.

"Nyakwara, shangazi yako wa Mombasa anaijua hii namba?"

"Bado, dana."

"Na yule wa duka la mbegu?"

"Bado."

"Na watu wa chama?"

Nikanyamaza. Akaifunga kwenye ncha ya leso, pamoja na sarafu za sadaka, akanishukuru sana. Jana nilimtumia mia tano. Kwa ile ya zamani, na ya kutoa.