Jukwaa la Ngomeni na Anga ya Eksirei

Tarehe 26 Aprili 2027 ni miaka 60 tangu setilaiti ya San Marco 2 irushwe kutoka jukwaa la chuma lililosimamishwa baharini katika Ghuba ya Ungwana, mbele ya Ngomeni, kilomita kama 30 kaskazini mwa Malindi. Setilaiti nyingine nane zilipaa kutoka hapo, ya mwisho ikiwa ile ya 25 Machi 1988, kisha majukwaa yakanyamaza. Kwa sababu hiyo historia ya kituo hiki, ambacho leo kinaitwa kwa jina la mwasisi wake Luigi Broglio, huandikwa kama historia ya roketi: zilikuja, zikatamba, zikakoma. Naona masimulizi hayo yameshika jambo dogo na kuliacha kubwa. Thamani ya kituo hiki ilitokana na mahali kilipo, digrii 3 tu kusini mwa ikweta, na kazi ambayo mahali hapo pameifanyia elimu ya nyota haikukatika roketi zilipokatika.

Broglio alikuwa mhandisi wa anga na profesa wa Chuo Kikuu cha Sapienza, Roma. Mwaka 1962 Italia ilikubaliana na Marekani kwamba Wamarekani watatoa roketi za Scout na mafunzo, na Waitalia watajenga setilaiti zao na uwanja wa kuzirushia. Setilaiti ya kwanza, San Marco 1, ilirushwa na mafundi wa Kiitalia huko Wallops, Virginia, tarehe 15 Desemba 1964. Uwanja wenyewe ukajengwa Kenya: jukwaa la San Marco la kurushia, na jukwaa la Santa Rita la kuongozea, ambalo awali lilikuwa la wachimba mafuta. Mantiki ya kuchagua ikweta inaeleweka. Dunia huzunguka kwa kasi kubwa zaidi hapo, karibu mita 465 kwa sekunde, na roketi inayoelekea mashariki hupewa kasi hiyo bure. Scout ilikuwa roketi ndogo ya hatua nne isiyo na nguvu ya kupoteza. Upande wa mashariki ni Bahari ya Hindi tupu, mabaki ya roketi yaanguke bila kumdhuru mtu. Setilaiti za San Marco zenyewe zilipima msongamano wa hewa nyembamba iliyo juu kabisa ya ikweta, kwa mizani aliyoibuni Broglio mwenyewe. Ilikuwa sayansi nzuri, lakini makubwa yalikuwa bado njiani.

Eksirei kutoka kwenye nyota hazifiki ardhini, kwa kuwa hewa huzimeza zote. Kabla ya 1970 wataalamu walizitafuta kwa roketi zilizopanda na kushuka, kila moja ikiona anga kwa dakika chache. Moja ya hizo, tarehe 18 Juni 1962, ilimwezesha Riccardo Giacconi na wenzake kugundua chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya mfumo wa jua letu, Scorpius X-1. Baada ya hapo vyanzo viliongezeka polepole, vikihesabika kwa makumi, na kwa roketi hizo hakuna aliyeweza kukikazia macho kimoja kwa wiki nzima. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikisherehekea uhuru wake, Scout iliondoka San Marco ikiwa imebeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi ya falaki ya eksirei peke yake. Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi huo kwa upande wa NASA, aliipa jina Uhuru kwa heshima ya wenyeji.

Uhuru ilijizungusha taratibu, mara moja kwa takriban dakika 12, ikilipitia anga ukanda baada ya ukanda hadi Machi 1973. Orodha yake ya nne, iliyotolewa 1978, ina vyanzo 339. Ila idadi si jambo kuu. Jambo kuu ni muda. Kwa kutazama na kurudia kutazama, watafiti waligundua kwamba Centaurus X-3 humweka kila baada ya sekunde 4.8, na kwamba mwako huo huwahi na kuchelewa katika mzunguko wa siku 2.1. Maana yake chanzo hicho ni nyota nyutroni inayoizunguka nyota nyingine na kuinyonya gesi. Hercules X-1 ilionyesha mambo hayohayo. Cygnus X-1 haikufuata mpigo wowote, ilibadilika ovyo ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Darubini za ardhini zilipoipata nyota iliyo mwenzake, na uzito wa chanzo chenyewe ukakadiriwa, shimo jeusi likatoka kwenye hesabu za karatasini na kuwa kitu cha kuelekezewa kidole. Uhuru ilionyesha pia kwamba makundi ya galaksi yamejaa gesi yenye joto kali ajabu. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Mtu anaweza kusema kwamba yote hayo yangegunduliwa hata kama setilaiti ingerushwa kutoka Florida. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake: OSO-7, iliyorushwa Florida mwaka 1971, nayo iliorodhesha vyanzo vya eksirei. Lakini tuangalie vizuri kile ambacho mahali palichangia. Juu ya Atlantiki ya Kusini, chembe zenye chaji zilizonaswa na usumaku wa dunia hushuka chini kuliko kwingine, na setilaiti inayopita humo hupokea kelele zinazofunika dalili hafifu za nyota. Setilaiti inayoruka kandokando ya ikweta hulikwepa eneo hilo kwa sehemu kubwa. Kutoka Florida, iliyo digrii 28 kaskazini, kuipinda njia hadi kwenye ikweta hugharimu nishati ambayo Scout haikuwa nayo, na roketi kubwa zaidi ingekuwa na gharama kubwa zaidi. Setilaiti kubwa ya Marekani ya kuipima upya anga ya eksirei, HEAO-1, haikupaa hadi 1977, karibu miaka saba baada ya Uhuru. Kwa hiyo Ngomeni ilikuwa sehemu ya kifaa chenyewe cha uchunguzi, kama ilivyo kwa mlima mkavu uliojengewa darubini, na ndiyo maana watafiti walirudi hapo. Setilaiti ya SAS-2 ya Novemba 1972 ilichunguza miale ya gama. Ariel 5 ya Uingereza, Oktoba 1974, iliiona mwaka uliofuata A0620-00 ikiwaka kuliko chanzo chochote kingine cha eksirei angani wakati huo, nayo leo inahesabiwa miongoni mwa mashimo meusi. SAS-3 ya Mei 1975 ndiyo waliyoitumia watafiti wa MIT kugundua chanzo kinacholipuka mfululizo, mlipuko juu ya mlipuko.

Pingamizi la pili ni kwamba kituo kilikufa 1988. Anayesema hivyo anatazama majukwaa na kusahau antena zilizo nchi kavu. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hupita karibu na Malindi katika kila mzunguko, yaani kila baada ya dakika mia hivi, na kituo kimoja tu kinatosha kupokea data zake na kuipa amri. BeppoSAX ya Italia na Uholanzi, iliyorushwa 1996, ilitegemea mpango huo. Tarehe 28 Februari 1997 ilinasa mlipuko wa miale ya gama; data zikashuka Malindi, zikapelekwa Roma, na ndani ya muda wa saa nane setilaiti ilikuwa imegeuzwa na kuona mabaki ya mwanga wa eksirei yakififia. Ndipo fumbo la milipuko hiyo, lililokuwa limedumu tangu miaka ya 1960, likaanza kufumbuka, kwani mahali ilipotokea palianza kujulikana kwa usahihi. Tangu hapo Malindi imepokea data za Swift, ya 2004, za AGILE, ya 2007, za NuSTAR, ya 2012, na za IXPE, iliyorushwa Desemba 2021.

Pingamizi la tatu ndilo zito, nami silipingi. Kenya ilitoa bahari, ardhi na mikono ya kazi. Sayansi ikaandikwa kwingine. Makala ya 1971 kuhusu Cygnus X-1 yalitoka kwa watafiti wa Marekani wakiwa na Minoru Oda wa Japani, na jina la Uhuru juu ya setilaiti halikumfungulia mlango mwanafunzi yeyote wa Nairobi. Hata hivyo dosari hiyo haiondoi hoja yangu, bali inaipa nguvu. Kama mahali ni sehemu ya kifaa, basi mwenye mahali anadai zaidi ya kodi ya pango: anadai data, maabara na nafasi za masomo. Makubaliano mapya ya Kenya na Italia, yaliyotiwa saini 2016, yalikiri hivyo kwa kuweka vipengele vya mafunzo na vya kupata data za sayansi ya anga. Mei 2018, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga, ikiwa imeandaliwa kwa msaada wa Sapienza, chuo kilekile cha Broglio. Data za Uhuru, Swift na NuSTAR ziko wazi kwa yeyote mwenye kompyuta na ujuzi. Ujuzi huo ndio unaopaswa kuwa kipimo cha makubaliano ya 2016: ni Wakenya wangapi watasoma eksirei za Cygnus X-1 kwa macho yao wenyewe, na kuandika walichokiona.