Mvinyo wa mizabibu mikongwe (Bourgogne)

Mvinyo wa mizabibu mikongwe ni mvinyo unaotokana na zabibu za mashina yaliyokula miaka mingi ardhini. Makala hii inahusu ule mwekundu wa Bourgogne, mashariki mwa Ufaransa, ambao karibu wote hutengenezwa kwa zabibu aina ya Pinot Noir. Mashamba mashuhuri yamepangana kwenye mteremko mwembamba wa Côte d'Or, kusini mwa Dijon, na viwanja vyake viliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2015.

Lebo ya mvinyo huo huandikwa "Vieilles Vignes", lakini sheria ya Ufaransa haikuweka umri wowote. Mkulima mmoja anaweza kuyatumia maneno hayo kwa mashina ya miaka 30, na mwenzake akasubiri hadi 60. Kinachosimamiwa kisheria ni daraja la shamba: mkoa, kijiji, premier cru na, juu kabisa, grand cru. Wapo wanaojibana wenyewe. Mtengenezaji Domaine Comte Georges de Vogüé huuza mvinyo wa mashina machanga ya shamba lake la Musigny, ambalo ni grand cru, kwa jina la daraja la chini.

Mashina ya kale sana ni adimu. Mwishoni mwa karne ya 19 mdudu filoksera alishambulia mizizi na kuangamiza mashamba, na wakulima wakalazimika kupandikiza mizabibu yao juu ya mashina ya Marekani. Shamba la Romanée-Conti lilishikilia mizizi yake ya asili hadi 1945, kisha likang'olewa. Ndiyo maana hakuna mvinyo wake wa mavuno ya 1946 hadi 1951.

Mzabibu ukizeeka huzaa vishada vichache, mara nyingi vyenye punje ndogo, na uwiano wa ganda kwa maji ukawa mkubwa zaidi. Hapo ndipo sifa ya mvinyo wake inapoanzia.

Mvinyo huu huonjwa ukiwa na nyuzijoto 15 hadi 17 hivi, katika glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, iliyojazwa theluthi tu. Chupa ya miaka mingi husimamishwa siku moja kabla ili mashapo yatue. Rangi isimhadae mwonjaji: ganda la Pinot Noir ni jembamba, kwa hiyo wekundu hafifu si kasoro. Ukingoni rangi hugeuka ya matofali kadiri miaka inavyopita.

Glasi hunuswa kwanza ikiwa imetulia, kisha baada ya kuzungushwa. Mvinyo mchanga hunukia cheri, rasiberi na pengine waridi. Uliokomaa hutoa harufu ya uyoga, ngozi na majani yaliyooza msituni. Ukinuka kadibodi iliyoloa, kizibo kimeuharibu na chupa irudishwe. Mdomoni hupimwa uchachu, ukakasi na muda ambao ladha inabaki baada ya kumeza. Wengi huutafuta ukongwe wa mzabibu katika uzito, nao wanakosea. Dalili yake nzuri ni ladha inayojaa katikati ya ulimi bila kuulemea, na isiyokatika upesi.

Kikombe bapa cha fedha kiitwacho tastevin, kilichotumika zamani kwenye maghala yenye giza, leo ni pambo zaidi. Chama cha Chevaliers du Tastevin, kilichoanzishwa 1934, kimechukua jina lake kutoka kwa kikombe hicho.

Katika kukadiria bei, jina la mtengenezaji hutangulia, kisha shamba, mwaka wa mavuno, kimo cha mvinyo ndani ya chupa na namna ilivyohifadhiwa. Udanganyifu upo. Mwaka 2008 chupa za mvinyo wa shamba la Clos Saint-Denis zenye lebo ya Domaine Ponsot, nyingine zikidaiwa kuwa za 1945, ziliandaliwa kwa mnada New York. Laurent Ponsot wa Domaine hiyo alikwenda mwenyewe kuzizuia, kwani familia yake ilianza kutengeneza mvinyo huo miaka ya 1980 tu. Aliyezitoa, Rudy Kurniawan, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 mwaka 2014.

Kwa mnunuzi wa kawaida, chupa ya daraja la kijiji kutoka kwa mkulima makini ni salama kuliko grand cru ya mzembe, hata kama lebo ya mzembe huyo inajisifu kwa mizabibu mikongwe.