Kidole gumba na mashini
Mwaka 1952, kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, Hugh Tracey alirekodi Jean-Bosco Mwenda akiwa peke yake na gitare. Kidole gumba kilipiga besi, cha shahada kilipiga melodia: alijisindikiza mwenyewe. Ku Marekani, Music Minus One ilikuwa imeanza 1950 kutoa sahani za muziki zenye kukosa chombo kimoja, mwanafunzi ajaze pengo. Mwaka 1990, Mwenda alipokufa, ikatoka Band-in-a-Box, programu ya ordinatere yenye kusindikiza na kubadilisha toni yenyewe. Vijana wetu waitumie kwa mazoezi, si mubaya. Lakini mwimbaji akipandisha sauti katikati ya wimbo, sikio njo linamufuata, hapana mashini. Basi tufundishe sikio kwanza.