Upimaji wa thamani ya ubunifu mchanga wa kidijitali

Upimaji wa thamani ya ubunifu mchanga wa kidijitali ni utaratibu wa kukadiria manufaa ya mradi wa teknolojia kabla haujaanza kuleta faida. Kwa kuwa mapato ya awali ni kidogo, huangaliwa dhana zilizothibitishwa, idadi ya watumiaji wanaorudi na ya walio tayari kulipa, na gharama ya kumpata kila mteja. Mmarekani Eric Ries aliueneza mtazamo huu kwa kitabu chake *The Lean Startup* (2011). Nchini Uganda, kwa mfano, baadhi ya kampuni changa zenye miradi ya aina hii hulelewa katika Kituo cha Taifa cha Ubunifu wa TEHAMA, kilichopo Nakawa, Kampala, kwenye eneo la Chuo cha Teknolojia ya Habari na Mawasiliano cha Uganda (UICT). Upimaji wa mapema huwezesha kuusitisha mradi usiofaa kabla mtaji haujaisha.